Sato Walikufa Alfajiri: Jinsi Viumbe Hai Wanavyobadilishana Gesi na Mazingira Yao

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu, miaka michache iliyopita, waseminari waliokwenda kumwagilia bustani walirudi mbio. Bwawa letu la samaki lilikuwa limejaa mizoga. Sato tuliowalea miezi saba, ambao tulitarajia kuwavua kwa ajili ya Pasaka, walikuwa wakielea matumbo juu, midomo wazi. Jioni ya jana yake walikuwa wamekula vizuri.

Neno la kwanza lililotoka midomoni mwa watu lilikuwa "sumu". Huku kwetu kando ya ziwa neno hilo si geni, kwani wapo wavuvi haramu wanaoitumia na habari zao kila mtu amezisikia. Na sumu haijitii yenyewe majini. Lazima awepo mtu. Macho yakamgeukia mlinzi wa usiku, mzee aliyekuwa nasi miaka mingi, kwa sababu wiki ileile alikuwa amekatwa mshahara wa siku mbili kwa kuchelewa lindo. Kufika saa nne asubuhi, wapo waliotaka polisi waitwe. Mzee aliniambia neno moja tu: "Mwalimu, mimi niwaue samaki niliowalisha kwa mkono wangu?"

Mimi hufundisha baiolojia. Nilishuka bwawani nikiwa sina jibu, ila nilitaka kuona kabla mizoga haijazikwa. Nikaona mambo manne. Kwanza, waliokufa walikuwa wakubwa. Vifaranga wengi walikuwa hai, wamejikusanya juu kabisa wakipigapiga midomo kwenye uso wa maji. Pili, vyura na wadudu wa majini walikuwa wazima. Tatu, kambale wachache tuliowachanganya na sato walikuwa wazima wote. Nne, maji yalikuwa ya kijani kizito kama mlenda, na kwa siku tatu mfululizo mbingu ilikuwa imefunga mawingu bila upepo wala jua la kueleweka.

Ili kueleza kwa nini mambo hayo manne yalimwokoa mzee wetu, hatuna budi kurudi kwenye somo ambalo wanafunzi wa sekondari hulikariri kwa ajili ya mtihani na kulisahau: viumbe hai hubadilishanaje gesi na mazingira yao?

Gesi huingia na kutoka vipi

Kila seli iliyo hai inahitaji nishati. Viumbe wengi huipata kwa kuunguza chakula taratibu kwa kutumia oksijeni. Matokeo yake ni nishati, maji na kabonidayoksaidi. Basi kiumbe ana kazi mbili zisizokoma: kuingiza oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi. Oksijeni haiwekwi akiba kama mahindi ghalani. Mtu akikosa hewa kwa dakika chache tu, ubongo huanza kufa.

Gesi hupita kwa njia tunayoiita difusheni, yaani chembe zake husambaa kutoka mahali zilipo nyingi kwenda mahali zilipo chache. Dagaa wakikaangwa jikoni, harufu itafika sebuleni bila mtu kuipepea. Ndivyo oksijeni inavyopita kutoka kwenye hewa au maji na kuingia kwenye damu.

Lakini difusheni ni ya haraka kwenye umbali mdogo sana tu. Kiumbe wa seli moja, kama amiba, hana shida. Gesi hupita kwenye utando wa seli yake na kazi imekwisha. Kiumbe mkubwa hawezi kutegemea hivyo, maana seli zake nyingi ziko mbali na nje. Kwa hiyo anahitaji sehemu maalumu ya kubadilishia gesi, na sehemu hiyo, iwe ya samaki, mtu au mdudu, hufuata masharti yaleyale: iwe na eneo kubwa, iwe nyembamba, iwe na unyevu, na tofauti ya wingi wa gesi kati ya nje na ndani isiishe. Sharti la mwisho ndilo linalotufanya tuvute hewa mpya kila mara na moyo usukume damu bila kupumzika.

Viumbe wametimiza masharti hayo kwa namna mbalimbali. Nyungunyungu hutumia ngozi yake yenye ute. Ukimwacha juani akakauka, hufa kwa kukosa hewa ingawa hewa imemzunguka. Chura ana mapafu, lakini ngozi yake nayo hupitisha gesi. Panzi ana matundu madogo ubavuni yanayofungua njia ya vijibomba, vinavyoitwa trakea, vya kupeleka hewa moja kwa moja hadi kwenye seli. Mtu ana mapafu yenye vifukohewa zaidi ya milioni 300, ambavyo vikikunjuliwa vyote vingefunika takriban mita za mraba 70, sawa na sakafu ya darasa kubwa. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 na kabonidayoksaidi asilimia 0.04, tunayotoa ina oksijeni karibu asilimia 16 na kabonidayoksaidi karibu asilimia 4.

Ndani ya damu yetu, oksijeni hubebwa na himoglobini. Hapa niweke onyo moja, maana msimu wa mvua watu wengi huingiza jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha. Mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha hutoa gesi ya kabonimonoksaidi, ambayo haina harufu na hushikamana na himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu hulala usingizi wa kawaida na haamki. Jiko la mkaa lisilale chumbani na watu, hata kama limebaki na makaa machache tu.

Mimea nayo hubadilishana gesi, hasa kupitia matundu madogo sana ya majani yaitwayo stomata. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Huandika kwamba wanyama huvuta oksijeni na mimea huvuta kabonidayoksaidi, kisha huweka nukta. Ukweli ni kwamba mmea hupumua saa zote 24, ukitumia oksijeni kama sisi. Mchana, kwa mwanga wa jua, hufanya pia usanisinuru, na oksijeni unayozalisha huwa nyingi kuliko unayotumia. Jua likizama, uzalishaji husimama lakini matumizi huendelea. Naomba msomaji alishike hilo, maana tutalirudia bwawani.

Maji ni bahili wa oksijeni

Lita moja ya hewa ina mililita kama 210 za oksijeni. Lita moja ya maji ya huku kwetu, yenye joto la nyuzi 25 na kwenye kimo cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari lilipo Ziwa Victoria, hata yakishiba oksijeni kwa kadiri ya kawaida, hubeba mililita kama 6 tu, yaani miligramu 7 na ushee. Maji yakizidi kupata joto, kiasi hicho hupungua. Isitoshe, oksijeni husambaa ndani ya maji polepole mno, takriban mara 10,000 polepole kuliko hewani, na maji ni mazito mara 800 hivi kuliko hewa. Samaki hufanya kazi ngumu kwa malipo kidogo.

Chombo chake cha kazi ni matamvua, ambayo wengi mitaani huyaita mashavu. Ukifunua kifuniko cha kichwa cha sangara mbichi utaona safu za nyuzi nyekundu, na kila uzi una vijani vidogo vingi visivyoonekana vizuri kwa macho. Ndani ya vijani hivyo damu hupita ikielekea upande mmoja, na maji hupita nje yake yakielekea upande wa pili. Kupishana huko kuna faida kubwa. Damu inayokaribia kutoka, ambayo tayari ina oksijeni nyingi, hukutana na maji mapya yenye oksijeni nyingi zaidi. Damu inayoingia, isiyo na kitu, hukutana na maji yaliyokwisha kupunguzwa, lakini bado yanaizidi. Kwa hiyo njia nzima maji huwa na cha kutoa na damu huwa na nafasi ya kupokea. Kwa mpango huo samaki anaweza kunyonya hadi asilimia 80 ya oksijeni iliyo katika maji yanayopita, wakati sisi hutoa nje sehemu kubwa ya oksijeni tuliyoivuta.

Mbona basi sato aliyetupwa juu ya meza pale mwaloni Kirumba hufa, naye amezungukwa na hewa yenye oksijeni tele? Ni kwa sababu vijani vya matamvua husimama kwa kushikiliwa na maji. Nje ya maji hulala na kugandana kama kurasa za kitabu kilicholowa, eneo lote lile likabaki dogo, na punde hukauka. Masharti mawili, eneo na unyevu, yamevunjika.

Wanaoishi majini na kupumua hewa

Si kila samaki anategemea maji tu. Kambale ana matamvua, lakini juu yake, ndani ya kichwa, ana kiungo chenye matawi kama kichaka kidogo, chenye mishipa mingi ya damu. Huibuka, hugugumia hewa, na kiungo hicho huichukua oksijeni. Kwa sababu hiyo kambale huweza kukaa kwenye madimbwi yenye tope, na usiku wa mvua huonekana akivuka majani kutoka dimbwi moja hadi jingine.

Kamongo amekwenda mbali zaidi. Yeye ana mapafu halisi, na matamvua yake ni madogo mno. Kamongo mkubwa asipofika juu kuvuta hewa hufa maji. Wavuvi waliowahi kumkuta amenaswa na nyavu chini kwa muda mrefu wanalijua hilo. Baadhi ya jamaa zake katika Afrika hujizika kwenye tope wakati wa kiangazi wakapumua hewa hadi mvua irudi. Mwaka 1932 Homer Smith, mwanasayansi Mmarekani aliyechunguza utendaji wa figo, alitoa kitabu alichokiita Kamongo, kwa jina lilelile tunalolitumia huku.

Hata bondo la sangara, ambalo siku hizi lina bei kubwa kuliko nyama yake, linahusika na habari hii. Bondo ni mfuko wa gesi unaomsaidia samaki kukaa kwenye kina anachotaka bila kuzama wala kuelea. Wanabaiolojia wanaona kwamba bondo na pafu la kamongo vina asili moja.

Konokono anayebeba vimelea vya kichocho kwenye fukwe zetu naye hupumua hewa kwa namna ya pafu, na damu yake ni nyekundu kwa himoglobini, jambo lisilo la kawaida kwa konokono. Ndiyo maana hustahimili maji yaliyotuama kwenye majani ya ukingoni, palepale watoto wetu wanapochota maji na kuogelea. Mafunjo yanayosimama kwenye kinamasi yana nafasi za hewa ndani ya mashina, zinazopeleka oksijeni hadi kwenye mizizi iliyo kwenye tope lisilo na oksijeni kabisa.

Kilichotokea usiku ule

Sasa turudi bwawani. Kijani kile kizito kilikuwa mwani, vimea vidogo mno vinavyoelea majini. Mchana wa jua, mwani hujaza maji oksijeni hadi kupita kiasi. Usiku, mwani uleule, pamoja na samaki na bakteria wanaoozesha uchafu wa chini, hutumia oksijeni bila kuongeza hata kidogo. Kwa kawaida akiba ya mchana hutosha mpaka asubuhi. Lakini siku tatu za mawingu zilipunguza akiba, na utulivu wa upepo ulizuia oksijeni ya hewani kuingia majini. Usiku wa tatu akiba iliisha kabla ya kupambazuka.

Ndiyo sababu walikufa alfajiri, saa ambayo oksijeni ya bwawa huwa chini kuliko saa zote. Wakubwa walitangulia kwa kuwa miili yao inahitaji oksijeni nyingi zaidi. Vifaranga waliponea kwenye utando mwembamba wa juu, ambapo maji yanayogusana na hewa hubaki na oksijeni kidogo. Vyura walivuta hewa, kambale nao wakavuta hewa. Sumu ya kuua sato wote wakubwa isingechagua hivyo. Kwa kawaida wadudu na vyura wangeonja pia.

Hizo zilikuwa dalili tu, na dalili si kipimo. Rafiki aliyesomea uvuvi pale Nyegezi alituletea kifaa cha kupimia oksijeni, na tukapima maji yaleyale usiku kucha. Saa 9 alasiri, jua likiwaka, kifaa kilisoma zaidi ya miligramu 10 kwa lita. Saa 11 alfajiri kilisoma chini ya 1. Sato hustahimili shida kuliko samaki wengi, lakini hustawi penye miligramu 4 au 5 na kuendelea. Wakikaa saa kadhaa chini ya 1, wengi hufa.

Na nani aliulisha mwani? Sisi. Kila Jumamosi tulikuwa tukimwaga bwawani samadi kutoka banda la kuku tukiamini kwamba ikizidi ndiyo heri. Tulikuwa na samaki wengi kupita ukubwa wa bwawa, na pumba zilizobaki bila kuliwa zilioza chini. Muuaji alikuwa utaratibu wetu wenyewe, na tulikuwa tumekaribia kumpeleka mtu mwingine polisi kwa ajili yake.

Ziwa nalo ni bwawa, ila kubwa

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini kina chake cha wastani ni mita 40 tu. Kwa miezi mingi ya mwaka maji ya juu huwa na joto zaidi na hukaa juu ya maji baridi ya chini kama mafuta juu ya mchuzi, yasichanganyike. Oksijeni inayoingia juu haifiki chini, na huko chini bakteria huimaliza. Kati ya mwezi wa sita na wa nane pepo za kusini-mashariki hulipoza ziwa na kulikoroga, na maji ya chini hupata nafuu.

Tangu miaka ya 1960 hali hiyo imezidi kuwa mbaya. Udongo unaosombwa kutoka mashamba yetu, majitaka ya miji na moshi wa kuchoma mapori hupeleka ziwani fosforasi na naitrojeni, chakula cha mwani. Watafiti waliolinganisha vipimo vya miaka ya 1960 na vya miaka ya 1990 walikuta mwani umeongezeka sana, na maji ya chini yasiyo na oksijeni yameenea pakubwa zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Upepo ukiyasukuma maji hayo hadi kwenye ghuba, samaki hufa kwa wingi. Mwaka 1984 vifo vya namna hiyo vilitokea katika Ghuba ya Nyanza upande wa Kenya, na sangara, ambaye huhitaji oksijeni nyingi, aliathirika mno. Gugumaji lilipoenea ziwani katika miaka ya 1990 likaongeza tatizo: mkeka wake hukinga mwanga na upepo, na linapooza hutumia oksijeni iliyobaki.

Ushahidi wa ajabu kuliko wote umetoka hapa kwetu, kwenye Ghuba ya Mwanza. Watafiti wa Kiholanzi na Kitanzania walianza kuchunguza furu wa ghuba hii mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuwahifadhi wengi kwenye chupa. Katika miaka ya 1980 sangara waliongezeka na furu wengi wakatoweka. Furu mmoja mdogo, Haplochromis pyrrhocephalus, alikaribia kuisha, kisha akaongezeka tena katika miaka ya 1990, wakati maji yalikuwa yamepungukiwa oksijeni. Frans Witte na wenzake walipowalinganisha furu wa zamani na wapya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, walikuta eneo la matamvua limeongezeka kwa asilimia 64. Kichwa hakikuwa kikubwa zaidi. Kilikuwa kimepungua, na macho pia. Nafasi ya matamvua ilipatikana kwa kubana viungo vingine. Katika miaka isiyofika 20 mwili wa samaki ulikuwa umeandika hali ya ziwa letu.

La kufanya

Wanaofuga samaki kwenye mabwawa na vizimba ziwani wameongezeka, na wengi wamekopa fedha. Kwao elimu hii ni mtaji. Samaki wakionekana alfajiri wakipigapiga midomo juu, acha kuwalisha siku hiyo, ingiza maji mapya au yarushe hewani kwa pampu, na usiongeze samadi. Ukiona maji ya kijani kiasi kwamba kiganja hakionekani ukizamisha mkono hadi kiwiko, mwani umezidi. Kizimba kiwekwe penye kina na mkondo, si kwenye kona ya ghuba iliyotulia, na samaki wasijazwe kupita kiasi.

Samaki wakifa kwa mkupuo, usiwale wala usiwauze hadi sababu ijulikane. Andika saa, hali ya hewa, nani amekufa na nani amepona, chukua maji kwenye chupa safi, kisha mwite afisa uvuvi. Sumu ipo na wanaoitumia wapo. Uchunguzi ndio unaotenganisha mhalifu na mtu mwema.

Sisi tulimwomba mzee msamaha mbele ya jumuiya nzima, na Padre Gombera akamrudishia siku zake mbili. Bado ni mlinzi wetu. Siku hizi, kabla ya kengele ya kuamka, hupita bwawani na tochi kuangalia midomo ya samaki. Mara mbili ameniamsha kwa kugonga dirisha: "Mwalimu, wanatafuta hewa." Mara zote mbili tuliwahi.